Chini ya Rangi Kuna Nini?



Gari langu halijatimiza mwaka liligongwa ubavuni. Nikalipeleka gereji moja hapa Mtwara. Likarudi linang'aa, nikalipa. Haukupita muda, upepo wa chumvi wa Ufukoni ukafichua siri: rangi imevimba, puti inabanduka, na chini yake bati halikunyooshwa wala kupakwa praima. Kutu imeanza kula. Fundi akanijibu: "Shehe, si uliliona zima ukalipokea?"

Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kilicholowa, watu wakione, kisha akamkana kila mdanganyifu.

Nilidhani maneno hayo ni ya fundi tu. Jirani akaninong'oneza: "Piga rangi nyingine, uza." Nafsi yangu ikakubali! Ningeuza, lundo lile lingekuwa langu.

Fundi, mwonyeshe mwenye gari bati kabla ya puti. Muuzaji, taja kasoro. Mimi ya kwangu nitaitaja, hata bei ishuke.

Wabillahi tawfiiq.