Mtoto Asiyeitwa Kikaoni

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa mwezi Mei, na katika vijiji vya Simiyu, mkoa unaotegemea zao hilo kuliko mkoa mwingine wowote nchini, fedha ya mwaka mzima huingia nyumbani ndani ya wiki chache. Ndivyo ilivyo Lalago, wilayani Maswa. Mume, mke na watoto wamelima pamoja, wamepalilia pamoja, wamevuna pamoja. Mzigo ukifika kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, jina linaloandikwa ni la mtu mmoja. Magomvi mengi huanzia hapo. Fedha imekwenda kwenye mahari ya mke wa pili, au imeishia mnadani, au haijulikani ilikokwenda. Mama anafunga mizigo na kurudi kwao na mtoto mchanga mgongoni. Wakubwa wanabaki na ng'ombe wa baba.

Shauri la namna hiyo hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika mahakamani. Wazee wa ukoo hukaa. Mwenyekiti wa kitongoji huita pande zote mbili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka pawepo baraza la usuluhishi katika kila kata, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza hilo lithibitishe kuwa limejaribu kuwapatanisha likashindwa. Na baada ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ametambuliwa rasmi mtu mwingine, msaidizi wa kisheria: mwanakijiji aliyepata mafunzo, anayefanya kazi chini ya shirika lisilo la kiserikali, asiyeruhusiwa kumtetea mtu mahakamani wala kutoza malipo, lakini anayeweza kuwashauri wagombanao wamalize kwa maelewano au kuwaelekeza panapostahili. Mashirika ya wasaidizi hawa yameenea katika wilaya za Tanzania, mengi yakipata ruzuku ya Legal Services Facility, mfuko ulioanzishwa 2011.

Naiheshimu sana kazi yao. Mama ambaye hana nauli ya kwenda Maswa mjini kila shauri linapoahirishwa anapata mtu wa kumsikiliza bila kumdai hata shilingi. Baba ambaye angeona aibu kuitwa na polisi anakubali kuja kukaa kwenye benchi na mtu anayemfahamu. Ninachotaka kusema hakiwapunguzii heshima. Nataka kusema kwamba kikao kile cha usuluhishi, pamoja na mambo yote yanayozungumzwa humo, ni kitendo cha malezi, na tumezoea kukiendesha kana kwamba ni mgawanyo wa mali.

Watu wazima wanapokaa kusuluhisha mume na mke, wanaamua mtoto atalala wapi, atakula nini, atakwenda shule au machungani. Sijui uamuzi wa malezi ulio mkubwa kuliko huo. Lakini sikilizeni mpangilio wa mazungumzo. Huanza na nani alimtukana nani. Hufuata ng'ombe: wangapi walitolewa mahari, wangapi wamezaa, wangapi wanarudi. Hufuata shamba na mabati ya nyumba. Watoto hutajwa mwishoni, jua likiwa limekwisha kuelekea magharibi na watu wamechoka, na hutajwa kwa sentensi moja: wakubwa wabaki kwa baba, mdogo aende na mama. Kisha muhtasari unasomwa na watu wanaweka sahihi au dole gumba.

Sentensi hiyo moja mara nyingi imejengwa juu ya kosa. Nimesikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema kwa uhakika kwamba mtoto akifika miaka 7 ni wa baba. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema kuwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 7, kukaa na mama huchukuliwa kuwa ndiyo heri yake, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa siku ya kutimiza miaka hiyo baba aje kumchukua. Kifungu hichohicho kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, kisha iangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii. Desturi imewekwa ndani, haikutupwa. Lakini haikukabidhiwa usukani.

Na desturi ya huku Usukumani ilikuwa na hesabu yake. Mahari ya ng'ombe ikiwa imetolewa, watoto ni wa ukoo wa baba. Ikiwa haikutolewa, ni wa upande wa mama. Wazee walioshika utaratibu huo hawakuwa watu wakatili. Walitaka kila mtoto awe na ukoo unaowajibika juu yake, awe na mahali pa kuzikwa na watu wa kumposea. Mtoto wa kuhangaika peke yake hakuwepo katika fikra zao. Tatizo ni kwamba leo hesabu ya ng'ombe imebaki na uwajibikaji umepungua. Mtoto anachukuliwa kwa jina la ukoo, kisha anaachwa kwa bibi aliyezeeka ambaye hakuletewa hata debe la mahindi. Ukoo unaodai mtoto na usimlishe umeiacha desturi zamani, hata ukiitaja kila kikao.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kutoa maoni haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Wazee wengi husita hapa, nami nauelewa wasiwasi wao. Kumsimamisha mtoto wa miaka tisa mbele ya wajomba na baba wadogo na kumuuliza, "Unamtaka nani, baba au mama?" ni ukatili. Chochote atakachojibu kitamfuata nyumbani. Akimtaja mama, baba atakumbuka. Akimtaja baba, mama atalia.

Basi asiulizwe hivyo. Mtu mmoja anayeaminika, labda mwalimu wa kike wa shuleni kwake au afisa ustawi wa jamii, azungumze naye pembeni siku iliyotangulia, wala asimtake achague. Amuulize siku yake inavyokwenda. Nani humwamsha? Jana alikula wapi, na nani alipika? Njia ya shule ina nini? Nani akiingia nyumbani yeye hutoka? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko hotuba za mashangazi wote. Na pale ambapo mtoto ni mdogo mno, daftari la mahudhurio darasani litasema: tangu mama aondoke, siku za kutofika shule zimekuwa ngapi? Msuluhishi aliyeingia kikaoni na nakala ya daftari hilo amemwita mtoto bila kumweka hatarini.

Yapo mambo yasiyopaswa kukaliwa kikao kabisa. Binti amebakwa, na familia mbili zinakutana usiku kukubaliana idadi ya ng'ombe. Mwanafunzi amepata mimba, na wanaume wanasema wamalizane kifamilia, kijana aoe. Hayo ni makosa ya jinai, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Msuluhishi anayekubali kukalia shauri la namna hiyo, hata kwa nia ya kutuliza ugomvi, anamuuza mtoto. Kazi yake hapo ni kusimama, kufunga daftari, na kupeleka taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ng'ombe wakiibwa Usukumani, mtu hupiga mwano, yowe la kuomba msaada, na kijiji kizima hutoka, usiku au mchana. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilipozuka katika nchi hii ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilisimama juu ya wajibu huo: asiyeitikia hutozwa faini. Sheria ya Mtoto nayo, katika kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Ni mwano uleule, umeandikwa kwenye sheria. Jirani anayesikia mtoto akipigwa kila Jumamosi na kugeukia ukuta hana sababu ya kusema hayamhusu.

Nirudi kwenye muhtasari ule wa sentensi moja, maana hapo ndipo kazi inaweza kuanza kesho bila kusubiri bajeti ya mtu. Makubaliano kuhusu mtoto yaandikwe kwanza, asubuhi, watu wakiwa na nguvu, kabla ng'ombe hawajatajwa. Yasiandike kwamba "baba atatoa matunzo". Yaandike magunia mangapi ya mahindi, yaletwe lini, yapokelewe na nani. Yaandike kuwa mtoto atakwenda kumwona mzazi wa pili likizo gani, kwa sababu kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki hiyo yeye, si mzazi, ilimradi masomo yasivurugike. Na kikao kipange tarehe ya kukutana tena.

Tarehe hiyo iwe Januari. Mwezi Juni kila baba ana fedha ya pamba mfukoni na kila ahadi ni rahisi. Januari ghala limepungua, shamba linataka palizi, na shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya shule za msingi ilikuwa imefutwa kabla ya hapo, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula cha mchana bado vinasubiri mkono wa mzazi. Msuluhishi apite nyumba zote mbili wiki ya kwanza ya muhula, na aulize kama mtoto ameondoka kwenda shule na amevaa nini.