Ugumu wa Masomo na Haki ya Mgonjwa

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga, mabasi yatokayo Mwanza na Dar es Salaam huwashusha vijana wetu Omurushaka na Kayanga, na wengine huendelea na safari mpaka Nkwenda, Kaisho na Murongo. Mizigo yao haijateremshwa bado, nao wamekwisha kuulizwa swali lile moja: "Mwanangu, umefaulu?" Wako wajibuo kwa furaha. Wako pia watazamao chini kidogo kabla ya kujibu. Miongoni mwa wale wanaosomea udaktari, twasikia mara kwa mara jibu la namna moja: "Nimefaulu yote, isipokuwa somo la ubongo na mishipa ya fahamu."

Tumezungumza na baadhi ya vijana hao, wa kike kwa wa kiume. Hatutataja majina yao wala vyuo vyao, maana haja yetu si kumwaibisha mtu. Twataka kulipima swali ambalo wao wenyewe wametuuliza, nalo ni swali la haki: Je, ni halali somo liwe gumu hata liwavunje moyo watu waliokuwa wa kwanza katika shule zao? Na kijana aliyeshindwa, yampasa afanye nini?

Yafaa kwanza tujue wanayofundishwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa yapata kilo 1.4, lakini ndani yake zimo chembe za fahamu karibu milioni elfu 86. Kutoka kichwani hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, na kila jozi ina jina lake, njia yake na kazi yake. Mwanafunzi hana budi kuzijua zote: ipi huliongoza jicho, ipi huupa ulimi ladha, ipi huuchezesha uso. Jozi ya kumi huitwa kwa Kilatini vagusi, maana yake mtangatangaji, kwa kuwa hutoka kichwani ikashuka shingoni, ikapita kifuani penye moyo na mapafu, ikafika mpaka tumboni. Yampasa mwanafunzi aifuate safari hiyo yote kwa akili yake, kama mtu afuataye njia ya miguu gizani.

Tena yuko kijana wetu na lugha zake. Nyumbani alizungumza Kinyambo. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili. Sekondari akahamishiwa Kiingereza, na sasa chuoni akutana na maneno ya Kilatini na Kiyunani. Sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu imepewa jina la farasi wa baharini, na nyingine ihusikayo na hofu imepewa jina la tunda la lozi. Waliozipa majina hayo walitaka kurahisisha, maana walikwisha kuwaona farasi hao wa baharini na lozi hizo. Lakini mtoto wa Kyerwa hakupata kuziona hata mara moja, na mfano uliokusudiwa kumsaidia mwenzake wageuka kuwa mzigo wa pili kwake. Binti mmoja alitwambia ya kuwa alikariri majina 40 kwa usiku mmoja, na kulipokucha alikuwa amebakiwa na 11.

Wanalalamika pia kwa mambo mengine. Muda ni mfupi na mambo ni mengi. Vitabu ni ghali. Asiyefaulu hufanya mtihani wa marudio, ambao wao wenyewe huuita "sapu", na akishindwa tena aweza kurudia mwaka au kuondolewa chuoni. Na wako waalimu, asema mmoja wao, ambao siku ya kwanza huingia darasani na kutangaza ya kuwa nusu ya waliokaa mbele yao hawatafika mwisho, kana kwamba ni jambo la kujivunia.

Malalamiko hayo hatuyadharau. Lakini kabla ya kuyajibu, twaomba msomaji aje pamoja nasi katika kituo cha afya cha kijijini.

Analetwa mzee juu ya pikipiki. Ameamka asubuhi mdomo umepinda, chai yamwagika upande mmoja. Jirani mmoja asema amerogwa. Mwingine asema ni kiharusi, apelekwe Mwanza leo hii hata ikibidi kuuza ng'ombe. Hapa kituoni hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo. Yuko daktari kijana, naye ana macho yake na mikono yake tu. Basi amwambia mzee: "Babu, nyanyua nyusi zako, ukunje paji la uso." Kwa nini amwambia hivyo? Kwa sababu alifundishwa ya kuwa sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, lakini sehemu ya chini hutegemea zaidi upande mmoja, ule wa pili. Kama paji lakunjika vizuri huku mdomo umepinda, ni dalili kwamba hitilafu iko ndani ya ubongo, na mzee yampasa awahishwe hospitali kubwa. Kama paji nalo limelala, yaelekea mshipa wenyewe wa uso ndio ulioumia, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hupona wakitibiwa mapema karibu na nyumbani, jicho lao likitunzwa lisikauke.

Swali hilo moja la nyusi ndilo liwezalo kuokoa maisha ya mzee, au ng'ombe wa jamaa yake. Nalo limetoka katika ukurasa ule ule ambao binti yetu aliukariri usiku akausahau asubuhi. Katika nchi tajiri, daktari aliyesahau njia ya mshipa huenda akasaidiwa na mashine iliyo chumba cha pili. Kwetu mashine iko mbali. Kwa hiyo twathubutu kusema ya kuwa somo hili lawapasa vijana wa Karagwe na Kyerwa kuliko wengine wengi, maana mtu akosapo chombo hubakiwa na ujuzi wake.

Tazameni pia ugonjwa wa kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa walipoanguka mekoni watu waliogopa kuwagusa wasije wakaambukizwa. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake. Dawa ya bei nafuu, fenobabitali, ilianza kutumiwa kwa ugonjwa huo mwaka 1912. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi maskini watu watatu kati ya wanne wenye kifafa hawapati matibabu yawapasayo. Huku kwetu malaria ikimpanda mtoto kichwani yaweza kumwachia kifafa. Mayai ya minyoo ya tegu ya nguruwe yakiingia mwilini kwa chakula au maji machafu, yaweza kufika ubongoni na kuleta ugonjwa uo huo. Nani atawaambia watu haya kwa uhakika, kama si yule aliyeketi akayasoma mpaka akayaelewa?

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: ugumu wa somo hili haukutungwa na mwalimu, wala si adhabu juu ya mwanafunzi. Ni haki ya mgonjwa. Yeye hayupo darasani, hana mtu wa kumsemea katika baraza la chuo, wala hajui ya kuwa siku fulani ataletwa juu ya pikipiki. Akipunguza mtu ugumu ambao ni wa haki, amempunguzia mgonjwa huyo kilicho chake.

Wala si mgonjwa wa kesho peke yake anayedai. Mwaka 1861, mwaka ule ule ambao wasafiri Speke na Grant walikaribishwa na Omukama Rumanyika huko Bweranyange, alikufa karibu na Paris mtu mmoja jina lake Leborgne. Miaka 21 alikuwa hospitalini, akielewa mengi aliyoambiwa, lakini kila alipotaka kusema, neno lililotoka kinywani lilikuwa moja tu: "tan." Daktari Paul Broca alimchunguza katika siku zake za mwisho, na baada ya kifo chake akaupasua ubongo, akaona umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Tangu hapo dunia ikaanza kujua mahali usemi unapotengenezwa. Leo jambo hilo ni mistari miwili kitabuni, nayo ilimgharimu mtu miaka 21 ya ububu. Vijana wetu wenyewe wametueleza siku walipopewa ubongo wa maiti kuushika kwa mara ya kwanza: harufu kali ya dawa, na ukimya uliowaingia walipofikiri ya kuwa kitu hiki kiganjani kilikuwa kikiyajua majina ya watoto wake. Elimu iliyopatikana kwa njia hiyo ni deni.

Sasa twaja kwenye kishawishi. Wako wanafunzi watafutao maswali ya miaka iliyopita, wakayakariri pamoja na majibu yake pasipo kuelewa, wakafaulu. Kujipima kwa maswali ya zamani si kosa. Kosa ni kuyafanya yawe ndiyo elimu yenyewe. Sisi watu wa kahawa tunalo neno la kulielezea jambo hilo: ni butura. Twajua sote butura ni nini. Mkulima mwenye shida huiuza kahawa yake ingali maua mtini, apata fedha kidogo leo, na wakati wa mavuno atazama tu wengine wakibeba magunia. Viongozi wetu wameikemea biashara hiyo mara nyingi, kwa sababu humnyang'anya mtu jasho lake. Mwanafunzi akaririye ili apite tu afanya butura ya elimu. Auza ua, apewa cheti. Tena yeye ni mbaya kuliko mkulima, maana mkulima ajidhulumu mwenyewe na nyumba yake, lakini mavuno aliyoyauza mwanafunzi huyu yalikuwa mali ya mgonjwa.

Lakini tusiseme na wanafunzi peke yao. Kwa waalimu twasema kwa heshima: ugumu ni wa somo, dharau si ya somo. Kumweleza mwanafunzi kwamba mlima ni mrefu ni kweli na ni wajibu. Kumcheka akiwa njiani hakumfundishi kitu, wala mgonjwa hapati faida yo yote. Mwanafunzi aliyetiwa hofu haulizi swali, na asiyeuliza huenda na kosa lake mpaka wodini. Na kama mfano wa farasi wa baharini hauwasaidii watoto wa nchi kavu, mwalimu mwema atautafuta mwingine. Sioni aibu, alitwambia kijana mmoja, kusema kwamba nililielewa somo siku mwalimu alipolinganisha mishipa ya fahamu na mizizi ya mgomba.

Na ninyi wazazi wapendwa, swali lenu "Umefaulu?" ni la haki, maana ninyi ndio mliouza mikungu ya ndizi, mkakopa, mkasubiri. Lakini swali hilo likiwa peke yake, humfundisha mtoto kwamba cheti ndicho mnachokidai. Kijana mmoja alituungamia ya kuwa aliwaficha wazazi wake habari ya mtihani wa marudio kwa miezi miwili, akajifanya mchangamfu mezani, na usiku hakupata usingizi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba ambamo mtoto aweza kusema "sikuelewa" pasipo kutukanwa, ndiyo nyumba itakayotoa daktari wa kweli. Muulizeni basi swali la pili: "Umeelewa?"

Twarudi kwa yule aliyeshindwa. Kushindwa mtihani si dhambi wala si aibu ya ukoo. Ni habari kuhusu mambo usiyoyajua bado, na afadhali habari hiyo uipate chuoni kuliko kuipata kitandani pa mgonjwa. Rudi, uulize, ukae na wenzako, uchore njia ya mshipa kwa mkono wako mpaka uweze kumweleza mdogo wako kwa Kinyambo. Mtu hujua ameelewa pale awezapo kusema jambo kwa lugha ya mama yake. Na kama, baada ya kujitahidi kwa moyo wote, waona kwamba kazi hii si yako, kuiacha kwa uaminifu ni jambo la heshima. Twawahitaji pia waalimu, mabwana shamba na wauguzi. Tusiyemhitaji ni daktari aliyefaulu asijue.

Binti tuliyemtaja juu amekwisha kupanda basi kurudi chuoni, mtihani wake ukimngoja. Alipotuaga alituambia jambo dogo: nyanya yake huanguka kifafa tangu utotoni, na katika mwaka ule wote wa kukariri majina hakupata hata mara moja kufungua ukurasa ule akimfikiria yeye. Safari hii, alisema, ataanzia hapo.