Kijarida cha Nakala Arobaini

Mwaka jana wanafunzi watatu tulitoa kijarida cha kurasa nane kuhusu muziki wa panki na bendi ndogo za magitaa ambazo redio za Kampala hazizipigi. Tulikata picha kwa mkasi, tukabandika kwa gundi, tukaandika vichwa kwa mkono, kisha tukatoa fotokopi arobaini Wandegeya. Fundi alitucheka kwamba mistari imepinda. Tulimwambia aiache hivyo hivyo.

Mtindo si wetu. Mwaka 1976 Mark Perry, karani wa benki huko London, alianzisha Sniffin' Glue kwa taipureta na kalamu. Mwaka uliofuata alilifunga mwenyewe, ingawa wasomaji walikuwa wameongezeka mno.

Katika ukurasa wa tano wa kijarida chetu, mwenzetu mmoja alisimulia, bila kutaja jina lake, jinsi baba yake alivyomvunjia gitaa, na yaliyofuata usiku ule. Sasa mhadhiri mmoja anataka kukiweka kijarida kizima kwenye intaneti, kihifadhiwe. Nakala ninayo mimi. Nyingine sijui ziliko. Moja niliiona imefungiwa karanga.

Je, aliyewaandikia watu arobaini ameiandikia dunia?

Siwezi kujibu haraka kwamba hapana. Jarida la Transition, ambalo Rajat Neogy alilianzisha hapa Kampala mwaka 1961, lilikosoa serikali ya Obote, na mwaka 1968 Neogy na mwanasiasa Abu Mayanja wakatiwa ndani. Kama hakuna aliyetunza nakala, waliowafunga wangepata walichokitaka. Hata Sniffin' Glue nimelijua kwa sababu kuna mtu alikataa kulitupa. Mimi mwenyewe ni mtoto wa watunzaji.

Lakini Mayanja alitia jina lake. Alitaka wenye mamlaka wamsikie. Mwenzetu alificha lake, na kuficha jina nako ni kusema jambo: nyinyi mnisome, wale wasinisome. Karatasi iliweza kuitunza ahadi hiyo, kwa kuwa ilichakaa. Intaneti haichakai, na yeyote wa kijijini kwao atakayesoma habari za gitaa lile atajua ni la nani.

Nilimpigia simu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua nani angesoma."

Mhadhiri anasema historia itapoteza ushahidi. Ni kweli, itapoteza, na sina la kumfariji. Ila sioni kwa nini historia idai kwa msichana huyu kitu ambacho hata marafiki zake hatukuthubutu kumdai.

Nyuma ya ukurasa ule kuna mchoro wangu wa mpiga ngoma, kazi pekee humo ninayojivunia. Nimeichomoa karatasi hiyo na kumpelekea yeye. Mhadhiri nimempa kurasa sita.