Kileo na Tumbaku

Katika jamaa na marafiki ambao nimewaona wakikata shauri la kuiacha sigara, wengi waliozishinda asubuhi, ambazo wavutaji huziona nzito kupita saa zote za siku, walikuja kushindwa jioni moja mangweni, mrija wa mnazi ukiwa kinywani. Wala si kwamba walitoka nyumbani wakiitamani tumbaku, bali mkono ulikwisha kuipokea sigara ya jirani kabla ya akili kuulizwa rai yake. Watazamaji hunena kwamba fulani hana azma. Hukumu hiyo naiona kuwa dhuluma. (Wako watakaopenda nianze na uharamu wa kileo, hilo wanazuoni wamelieleza kwa ufasaha unaonishinda, nami nimekusudia kusema juu ya mwili.)

Nikotini huwasili ubongoni sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa, na huko huamsha dopamini, ambayo huufundisha mwili kwamba jambo hili lina raha na lifaa kurudiwa. Kileo nacho, kwa njia yake, huamsha dopamini iyo hiyo, hata kila kimoja kikazidisha ladha ya mwenziwe. Tena viwili hivi hukamilishana: pombe huleta usingizi na uzito wa viungo, ilhali nikotini huchangamsha, basi mnywaji ambaye angalisinzia akaenda zake mapema hupata nguvu ya bandia ya kuketi na kuagiza tena, na kadiri anywavyo ndivyo avutavyo. Baya zaidi, pombe huilegeza ile sehemu ya ubongo iliyopewa amana ya kukataza, ambayo mwenye kuacha sigara huitegemea kuliko zote. Ongeza mazoea: kwa aliyekunywa na kuvuta pamoja miaka mingi, harufu ya mangwe na sauti za wenzake zimekwisha kuwa wito, na mwili huitika pasipo kungoja amri. Na muuzaji yupo karibu na pakiti iliyofunguliwa, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilikataza sigara kuuzwa moja moja.

Madhara ya kileo na tumbaku pia hushirikiana, na hapa ndipo moyo wangu huingia hofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuhesabu moshi wa tumbaku miongoni mwa visababishi thabiti vya maradhi hayo mwaka 1986, na vileo mwaka 1988. Lakini mwenye kuvitumia vyote viwili hapati jumla ya hatari mbili tu, bali hatari ya saratani ya kinywa, ya koo na ya umio humzidia kupita jumla hiyo, kwa kuwa kileo huzifungulia sumu za moshi njia ya kupenya katika ngozi laini ya ndani. Saratani ya umio, ambayo ina sababu nyingine pia, imeuelemea upande huu wa Afrika tangu Ethiopia hadi kusini, na aghalabu mgonjwa humfikia tabibu wakati chakula kimekwisha kukataa kupita.

Kwa hiyo siwaafiki wanaomshauri mtu aliye taabani kwa vyote viwili aache pombe kwanza, na sigara ingoje mwaka mwingine. Uchunguzi uliofanywa kwa watu walio katika tiba ya ulevi umeonyesha kwamba kusaidiwa kuacha tumbaku wakati uo huo hakuwarudishi katika chupa; na anayetaka kuacha sigara peke yake hana budi kujitenga na vilabu katika miezi ya mwanzo, hata kama hanywi sana.

Nawe msomaji ambaye rafiki yako yumo katika jitihada hiyo, usimwite mangweni, wala usimnyoshee pakiti kwa mzaha ili kumpima. Nenda ukamzuru kwake jioni, mkae naye barazani mpaka saa ile aliyozoea kutoka ipite.