Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi huikariri bila ya kuihoji. Lakini je, ni kweli kwamba kitu chema hujulikana kwa wema wake chenyewe? Au aghalabu wanadamu hununua jina, kisha wakajisadikisha kwamba wamenunua wema? Suala hili ni la kale, na divai imelipima vizuri kuliko vitu vingi. Wako miongoni mwetu ambao dini yao yawakataza kuinywa. Hao na waichukue hapa kuwa mfano tu, kwani yasemwayo juu ya divai yaweza kusemwa pia juu ya kahawa au maembe.

Tarehe 24 Mei, 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya mjini Paris wajuzi 9 wa Kifaransa ili waonje divai za kwao pamoja na za California, Marekani. Majina yalifichwa, na kila mwonjaji akatoa alama zake. Alama zilipojumlishwa, divai nyeupe iliyoongoza ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, na nyekundu ilikuwa Stag's Leap ya mwaka huohuo. Zote mbili zilitoka California. Mwandishi wa habari aliyekuwapo alisimulia kwamba mjuzi mmoja, baada ya kuonja divai ya California, alifurahi akidhani amerejea Ufaransa. Divai hizo zilikuwa njema tangu zilipotiwa chupani. Lakini wema wao haukukubaliwa na wajuzi hao mpaka majina yalipofunikwa. Basi hapo chema hakikujiuza. Kilihitaji ulimi usiotishwa na jina.

Wengine watajibu kwamba ladha ni ya kila mtu na ulimi wake, wala hakuna haki wala batili. Jawabu hili ni rahisi mno. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikumbusha kisa kilichomo katika Don Quixote ya Cervantes. Watu wawili waliombwa waonje divai ya pipa moja. Wa kwanza alisema ni njema, ila ina ladha ya ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila alihisi ladha ya chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomalizwa, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa ukanda wa ngozi.

Hume alitumia kisa hiki kuonyesha kwamba ulimi mwepesi hugundua kitu kilichopo kweli. Lakini kisa chatufundisha na jambo la pili: hakuna kati yao aliyeujua ufunguo mzima. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilifanana na kosa mpaka ilipowekwa kando ya nusu ya mwenziwe.

Hapo ndipo kikao cha marafiki kina faida kuliko baraza la wajuzi. Marafiki wanne au watano huleta kila mmoja chupa yake, huizungushia gazeti, na huonja kidogo kidogo. Hakuna tuzo, wala hakuna wa kumwogopa. Inafaa asiyejua sana atangulie kusema, kwa kuwa mjuzi akishasema, wengine hutikisa vichwa tu.

Huko Georgia, nchi iliyo kusini ya milima ya Caucasus, zabibu nyeupe huchachushwa pamoja na maganda yake katika mitungi mikubwa iliyozikwa ardhini, na divai hutoka na rangi ya kaharabu. Aliyezoea divai tamu akiionja mara ya kwanza huenda akasema imeharibika. Mwenziwe amwulize: imeharibika namna gani? Akitafuta neno atalipata: ina ukakasi, kule kukauka kwa ulimi tunakokuhisi tulapo ndizi isiyoiva. Ukakasi huo watoka katika maganda, wala si ubovu. Akishaupa jina lake, aweza kuamua kwa haki kama aupenda au haupendi. Kabla ya hapo alikuwa akihukumu ugeni, si divai.

Hata hivyo, marafiki nao waweza kugeuka kuwa jina jingine lililobandikwa chupani. Mwenyeji akiisifu divai yake, wageni huona haya kumpinga, nao husifu wasichokipenda. Watu huuita uongo huu adabu. Lakini adabu yatudai shukrani, haitudai ushahidi wa uongo. Mgeni aweza kumshukuru mwenyeji kwa moyo wote, kisha akasema kwa upole kwamba divai ile haikumfaa. Urafiki usioweza kustahimili neno kama hilo, utastahimilije neno zito zaidi?

Sisi walimu tunalo la kujifunza hapa. Tumpapo mwanafunzi shairi, aghalabu tunaanza na jina la mshairi na sifa zake, kisha tunamwuliza maoni. Na tulifunike jina kwanza. Tumwache aseme kwa maneno yake alichokionja, na jirani yake aseme chake, hata wakipingana. Chema kitajiuza, lakini kwa wale tu waliofundishwa kuonja na kuruhusiwa kusema kweli.