Hazina Iliyo Chini ya Ngozi

Huko Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, nikeli imelala chini ya vilima, nayo yaleta swali la zamani: Mali iliyofichwa na Muumba ardhini ni ya nani? Ni ya mwenye shamba, ya mwenye mashine ya kuichimba, au ya taifa zima? Mwaka 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na wawekezaji, ikapata hisa asilimia 16 katika mradi huo. Hatukusudii leo kuupima mkataba. Twalichukua swali lenyewe na kuliuliza juu ya hazina nyingine, iliyo chini ya ngozi ya kila binadamu.

Kila mmoja wetu amebeba mwilini maagizo ya urithi yaitwayo jeni, na kwa maagizo hayo mwili hujitengenezea protini zake. Mojawapo ni insulini, itokayo katika kongosho, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia misulini. Mtoto ambaye kongosho lake haliitoi tena hukonda, na asipopata insulini ya sindano hufa. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wataalamu wa California walitunga nakala ya jeni ya insulini ya binadamu, wakaitia ndani ya bakteria wa jamii ile iishiyo utumboni mwetu. Bakteria wakatengeneza sehemu mbili za insulini, nazo zikaunganishwa maabarani. Mwaka 1982 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani. Leo, kwa njia iyo hiyo, maabara hupata protini nyingi za binadamu za kuchunguzia magonjwa na kujaribia dawa.

Je, huko si kuingilia kazi ya Mungu? La hasha. Protini ya mtu si mtu, kama vile nywele zilizobaki kwa kinyozi si mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba elimu itafutayo ukweli kwa njia iliyo halali haipingani na imani. Nayo hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 yawataka watafiti wakatae kutumia viungo na chembe zilizopatikana kwa kuua watoto wasiozaliwa. Bakteria hawatudai dhambi hiyo. Kumfanya kijidudu amtumikie mtu ni halali. Kumfanya mtu, hata aliye tumboni, kuwa malighafi ni kosa kubwa.

Lililo gumu zaidi ni swali la umiliki. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jeni ya asili ya binadamu haiwezi kuwekewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kwa muda wasitengeneze kitu bila idhini. Lakini nakala iliyotungwa maabarani yaweza kuwekewa. Na nakala ya namna hiyo ndiyo itiwayo ndani ya bakteria! Basi ulinzi wa uamuzi huo hukoma palepale dawa inapoanza.

Wako watakaosema kwamba wataalamu wametaabika miaka mingi na kutumia fedha nyingi. Twakubali: chanda chema huvikwa pete. Lakini kumlipa mtu ujira wake ni jambo moja, na kumwachia apange bei itakayomfanya mama amtazame mwanawe akifa ni jambo lingine. Kanisa lafundisha kwamba Mungu amekusudia mali ya dunia iwafae watu wote, na kwamba haki ya mwenye mali ina mpaka. Kanuni hiyo ikifaa kwa nikeli, yafaa zaidi kwa jeni. Nikeli iko Kabanga na mahali pengine pachache. Jeni ya insulini imo mwilini mwa mama wa Kabanga sawasawa na mwilini mwa mwenye kiwanda. Hakuna kati yao aliyeipanda. Hilo halishindi uwezo wa binadamu: Frederick Banting na wenzake, waliopata insulini ya kwanza huko Toronto, mwaka 1923 walikiuzia chuo kikuu chao haki ya hataza kwa dola moja kila mtu.

Basi wazazi wasiiogope dawa hii. Mtoto mwenye kiu isiyokwisha, akojoaye mara kwa mara na kukonda, apelekwe hospitali mara moja, bila kwanza kumtafuta mchawi. Nao viongozi wetu, watakapoketi kupatana bei za dawa, wadai kwa ujasiri uleule wanaodai sehemu yetu ya nikeli. Hawataomba sadaka, watadai urithi ambao kila mtoto wa Ngara amezaliwa nao.