Kijana wa kidato cha nne ana bei gani?

Ndugu msomaji, vijana wetu siku hizi wanaijua mechi moja ya Marekani kuliko wanavyoijua ratiba ya UMISSETA ya wilaya yao. Ni mechi ya mpira wa kikapu ya wanafunzi bora wanaomaliza sekondari, McDonald's All-American Game, iliyobeba jina la kampuni ya chakula inayoidhamini. Kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 1978, na tangu 2002 wasichana nao wana mechi yao. Kila mwaka huteuliwa wavulana 24 kutoka katika nchi yenye maelfu kwa maelfu ya shule, wakagawanywa Mashariki na Magharibi, wakacheza jioni moja mbele ya kamera. Mapato huenda kwenye taasisi ya hisani inayozipatia malazi familia zenye watoto wagonjwa hospitalini. Kwa hilo la mwisho sidhani kama yupo Muislamu wa kunung'unika.

Hapa Igowole, wilayani Mufindi, wanafunzi wakifika mtaani huitazama kwenye simu ya mmoja wao, vichwa kumi juu ya kioo kimoja. Swali walilonirushia katika kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu halikuhusu mpira hata kidogo. Kijana mmoja alisema: "Ustadhi, wale wamepangwa madaraja, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mbao. Hiyo ni halali?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zito. Anayeishi Mufindi anajua maana ya kupanga mbao madaraja.

Nianze na lisilo na mgogoro. Mchezo wenyewe ni halali. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na habari ya kumwangusha Rukana katika mieleka inajulikana. Masuala ya stara yana hukumu zake, na hata shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, FIBA, lilikubali mwaka 2017 kuruhusu hijabu uwanjani baada ya miaka mingi ya kuwazuia dada zetu. Kadhia iko kwenye bei. Je, inafaa kijana wa miaka 17 kutangaziwa thamani yake sokoni, na watu wazima kuanza kufanya biashara juu ya thamani hiyo?

Mchezo huu, kwa wasiojua, ulibuniwa Desemba 1891 na mwalimu James Naismith mjini Springfield, Marekani, na goli lake la kwanza lilikuwa kikapu cha mafyulisi, tunda ambalo sisi wa nyanda za juu tunalijua vizuri. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda yakiwa mtini kabla haijadhihirika kwamba yatakomaa, na akaeleza sababu kwa njia ya swali: Mwenyezi Mungu akiyazuia yasiive, muuzaji atakuwa amekula fedha ya ndugu yake kwa haki gani? Mafakihi wanaliweka jambo hili kwenye mlango wa gharari, yaani biashara ambayo ndani yake mna giza.

Huku kwetu giza hilo tunaliona kwa macho. Mzee mwenye shida ya ada au matibabu huuza shamba la paini zikiwa bado fito. Mnunuzi anahesabu mbao ambazo hazipo, muuzaji anapokea kidogo kwa sababu miti haijawa miti, na ukifika msimu wa kiangazi moto mmoja wa mtayarisha shamba unawafanya wote wawili wahasimiane mpaka kaburini.

Na hawa vijana? Mwaka 2001 Marekani ilikuwa na kijana wa Brooklyn aitwaye Lenny Cooke, ambaye wapangaji wa madaraja walimweka juu kabisa, juu hata ya LeBron James. Mwaka 2002 akajiandikisha ili achaguliwe na klabu za NBA, na hakuna klabu hata moja iliyomchagua. Upande wa pili yuko Stephen Curry. Alipomaliza sekondari vyuo vikubwa havikumgombania, na katika mechi ile ya wateule hakuwamo. Akaenda Davidson, chuo kidogo, na kilichofuata dunia nzima inakijua. Mwaka 2009 alichaguliwa wa saba. Wa pili mwaka huohuo alikuwa Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza mchezo huu akiwa tayari mkubwa. Memphis Grizzlies walimchukua, na kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, wakamshusha ligi ya chini. Watu wakamcheka, hata hapa nyumbani. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye mizani. Kijana yule hakujitangazia bei. Waliomtangazia ni wazee wenye mishahara, na hao hawakuchekwa.

Atasimama msomaji aliyesoma fiqhi aseme: Ustadhi, mbona salamu inaruhusiwa, mtu analipa leo apokee mavuno baadaye? Kweli inaruhusiwa, kwa masharti: kipimo kijulikane, sifa zijulikane, muda ujulikane. Magunia kumi ya mahindi ya aina fulani, mwezi fulani. Hakuna awezaye kuandika hivyo juu ya goti la kijana. Tena mtu huru hauzwi, si leo wala baadaye. Kinachoweza kufungiwa mkataba ni kazi yake, na hiyo ni ijara: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Wamarekani wenyewe walichelewa kulikubali hili. Kwa miongo mingi makocha wa vyuo walilipwa mamilioni na televisheni ikavuna, huku mchezaji akikatazwa kupata hata senti kwa jina lake mwenyewe, mpaka Julai 2021 zuio hilo lilipoondolewa. Ufadhili wa masomo walipewa, naam, na si kitu kidogo.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi. Bei hufuatana na utii. Chris Jackson alikuwa miongoni mwa wateule wa mechi ile mwaka 1988. Akasilimu, akajiita Mahmoud Abdul-Rauf, na mwaka 1996 akakataa kusimama wimbo wa taifa ukipigwa. NBA ikamsimamisha, na miaka michache tu baadaye milango yake ikawa imefungwa. Mikono yake ilikuwa ileile. Tunakubali au hatukubali msimamo wake, hilo ni suala jingine; ninachosema ni kwamba aliyekubali kupangiwa bei na wengine ajue kuwa wanaweza pia kuishusha.

Nisingeandika haya kama yangekuwa ya Marekani tu. Mwaka huu kuna kijana wa kidato cha tatu, mrefu kupita mlango wa darasa lake, ambaye mama yake anachuma chai. Alikuja bwana mmoja na karatasi ya kurasa mbili kwa Kiingereza, akiahidi kumpeleka Dar es Salaam na kisha nje. Mama akanifuata jioni, akanisalimu "kamwene", akaketi, akanikabidhi karatasi. "Mwalimu, nisome nini hapa? Mimi naona pa kuweka dole tu."

Niliisoma. Ilisema bwana yule atachukua sehemu ya mapato ya kijana kwa miaka kumi. Haikusema nani atalipia matibabu akivunjika mguu, wala kama atamaliza kidato cha nne, wala nauli ya kumrudisha. Ilijua vizuri faida itagawanywaje, ila juu ya hasara ilinyamaza kimya.

Sikumwambia mama akatae. Mshahara wa kuchuma chai naujua, na kipaji ni amana ambayo kuifukia shambani nako kuna dhima yake. Tuliandika kwa Kiswahili mambo manne: amalize shule kwanza au ahamishiwe shule inayojulikana, matibabu yawe juu ya anayemchukua, mkataba usizidi miaka miwili, na nauli ya kurudi iwekwe kwa mjomba wake kabla hajapanda basi. Bwana yule alipoletewa alisema atafikiria. Mpaka naandika hajarudi, na kijana ananitazama kwa jicho ambalo walimu wenzangu mnalijua.

Nawaomba mawakili wetu Waislamu, na walimu wa michezo wa dini zote, waandae mkataba wa mfano kwa Kiswahili chepesi, wa ukurasa mmoja, ugawiwe kwa wazazi katika mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya. Wakifika ngazi ya taifa tumeshachelewa, maana wenye karatasi za Kiingereza hawasubiri huko.